Jina Lililoko Ukutani na Jina Lililoko Daftarini



Wapendwa taifa la Mungu, pamoja nanyi nyote mnaosoma tafakari hizi mkiwa mbali na kisiwa chetu cha Pemba, juma hili sitafafanua masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yangu. Nimeona vema niwasimulie jambo lililonipata safarini, kisha nikiri mbele yenu kosa ambalo nimelibeba moyoni kwa muda mrefu. Nawaomba mnivumilie, maana hadithi yenyewe inaanzia mbali, katika mji wa Kampala, mezani pa hoteli.

Baadhi yenu mtakumbuka kwamba tulikwenda Uganda kuhiji Namugongo, kwa sikukuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi, inayoadhimishwa kila tarehe 3 Juni. Tulikuwa waumini 11 pamoja nami. Tulivuka bahari mara mbili, kutoka Pemba hadi Unguja na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam, kisha tukashika njia ya mabasi, tukalala Mwanza, na hatimaye tukavuka mpaka pale Mutukula. Wazee wetu walifika wamevimba miguu, lakini hakuna aliyelalamika.

Kampala alitupokea padre mmoja mwenyeji, niliyesoma naye seminari. Kwa ukarimu wake alitaka kutustarehesha kidogo kabla ya kwenda Namugongo, akatupeleka kunywa chai katika Speke Hotel, iliyoko Nile Avenue, katikati ya mji. Ni hoteli ya zamani, iliyojengwa katika miaka ya 1920, wakati Uganda ilipokuwa chini ya himaya ya Uingereza, na inahesabiwa kuwa miongoni mwa hoteli kongwe kabisa za Kampala. Si jengo refu. Leo limezungukwa na maghorofa yanayoliangalia kwa juu, lakini lenyewe limetulia na varanda zake, kama mzee aliyeketi barazani akiwatazama vijana wanaokimbilia kazini.

Tulikuwa na mama mmoja wa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, mtu mzima, mkulima, ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la nne. Kijana wa hoteli alipoleta chai, mama yule alimwuliza kwa Kiswahili chake cha Pemba: “Mwanangu, huyo Speke ndiye nani?” Kijana akatabasamu, akajibu kwa Kiswahili cha kubahatisha kwamba Speke alikuwa Mzungu aliyevumbua chanzo cha Mto Nile. Mama akafikiri kidogo, akauliza tena: “Na aliyemwonyesha njia, yeye hakupewa hoteli?”

Wote tulicheka, na kijana naye akacheka. Lakini mimi kicheko kilinikauka upesi, kwa sababu swali lile lilikuwa limegusa mahali pangu. Mtaelewa sababu yake mbele kidogo. Kwanza tumjibu mama.

John Hanning Speke alizaliwa mwaka 1827 kusini magharibi mwa Uingereza, akawa afisa wa jeshi la Waingereza huko India. Mwezi Desemba 1856 alifika Unguja pamoja na Richard Burton, wakiwa wametumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kutafuta maziwa makuu ya bara. Nanyi Wapemba mnafaa kujua kwamba kabla ya kuelekea bara walipita kwanza kwetu. Mwezi Januari 1857, wakisafiri kwa jahazi kutoka Unguja kwenda Mombasa, walitia nanga Pemba wakafika Chake Chake, ambako ngome ya zamani ingali ipo mpaka leo. Kwa hiyo mtu aliye na jina ukutani pa hoteli ya Kampala aliwahi kukanyaga udongo wetu huu.

Katikati ya mwaka 1857 waliondoka pwani kwenda bara, na mwezi Februari 1858 wakafika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Speke alikuwa karibu kipofu kwa maradhi ya macho. Waliporudi Kaze, yaani Tabora ya leo, Burton alikuwa mgonjwa, na Speke akaenda kaskazini bila yeye. Tarehe 3 Agosti 1858, karibu na Mwanza, aliliona ziwa ambalo wenyeji wake waliliita Nyanza, na ambalo Waganda waliliita Nalubaale. Yeye akaliita Victoria, kwa jina la malkia wake. Mwaka 1860 alirudi tena pamoja na James Grant. Mwanzoni mwa 1862 alifika katika kasri ya Kabaka Mutesa I, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama pale Jinja, mahali ambapo maji ya ziwa yanatoka na kuwa Mto Nile. Maporomoko aliyoyaona akayaita Ripon, kwa jina la mheshimiwa mmoja wa Uingereza. Leo maporomoko hayo hayaonekani tena, kwani yalizama chini ya maji baada ya bwawa la Owen kukamilika mwaka 1954.

Hakuufaidi ushindi wake. Burton hakukubali kwamba Nile inatoka kwenye ziwa lile, na watu hao wawili waliokula na kulala pamoja porini wakawa mahasimu. Iliandaliwa siku ya kujadiliana hadharani katika mji wa Bath, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla yake, Speke akiwa mawindoni alijeruhiwa na risasi ya bunduki yake mwenyewe, akafariki akiwa na umri wa miaka 37. Baadaye ilithibitika kwamba kuhusu ziwa lile yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ndugu msomaji, sisemi haya ili kumdhihaki marehemu. Alikuwa na ushupavu mkubwa, na sala ya Kanisa kwa wafu haibagui taifa. Hata hivyo ukweli nao una haki yake. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke aliandika kwamba watawala wa nchi za maziwa walikuwa uzao wa wageni waliotoka Uhabeshi, watu bora kuliko wale waliowatawala. Yalikuwa mawazo ya kudhani tu, lakini wakoloni waliomfuata waliyashika kama ukweli, wakawagawa kwayo watu wa Rwanda na Burundi. Sote tunajua mgawanyiko ule ulizaa nini mwaka 1994. Neno lililoandikwa na mgeni aliyepita njia laweza kuwaua wajukuu wa waliompokea.

Sasa tumtazame aliyeonyesha njia.

Alijulikana kama Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, kutoka kusini, mpakani mwa Tanzania na Msumbiji za leo. Akiwa mtoto wa miaka kama 12, kijiji chao kilivamiwa na wafanyabiashara waliokuwa wakidai madeni. Alitenganishwa na wazazi wake, asijue tena habari zao. Alipelekwa Kilwa, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, akamtumikia bwana wake miaka mingi. Bwana yule alipofariki, Bombay akapata uhuru, akarudi pwani ya Afrika Mashariki na kuwa askari wa Sultani. Burton na Speke walimkuta mwanzoni mwa mwaka 1857 katika kituo cha askari karibu na Pangani, wakamwajiri.

Speke hakujua Kiswahili. Alizungumza na Bombay kwa lugha ya Kihindustani, na Bombay akazungumza na wenyeji kwa Kiswahili. Hivyo mwaka 1858, katika mwendo ule wa kutoka Tabora hadi ziwani, kila swali ambalo Speke aliwauliza wenyeji na kila jibu alilopewa lilipitia kinywani mwa Bombay. Alikuwa pia naye katika safari ya 1860 hadi 1863. Katika safari hiyo Speke alimpiga siku moja mbele ya wenzake, na habari hiyo aliiandika mwenyewe katika kitabu chake. Mwaka 1871 Bombay alifuatana na Henry Morton Stanley hadi Ujiji kumtafuta Livingstone. Mwaka 1873 aliondoka tena na Verney Lovett Cameron, na mwezi Novemba 1875 wakafika pwani ya Bahari ya Atlantiki, wakiwa wamelikata bara lote kwa miguu. Mwaka 1876 Jumuiya ile ya London ilimpa pensheni ndogo. Alifariki mwaka 1885.

Wapendwa, hebu tulitafakari jina lake. “Sidi” ni namna ambavyo watu wa India walivyowaita Waafrika. “Mubarak” ni neno la Kiarabu, maana yake aliyebarikiwa, na bila shaka alipewa katika utumwa. “Bombay” ni mji wa India, ambao leo unaitwa Mumbai. Kati ya majina yote matatu hakuna hata moja aliloitwa na mama yake. Mtu aliyewaonyesha wengine njia ya kwenda kuyapa maziwa na maporomoko majina ya wakuu wao, yeye mwenyewe alikuwa amepotezewa jina lake akiwa mtoto, akaishi na kufa akiitwa kwa jina la mji wa ugenini.

Hapo ndipo swali la mama lilipogusa mahali pangu.

Katika parokia yetu alikuwapo mzee mmoja. Alikuja Pemba miaka mingi iliyopita, akiwa kijana, kwa kazi ya kuchuma karafuu, kama walivyokuja watu wengi wa bara kila msimu. Wenzake walirudi kwao, yeye akabaki. Alipanda mikarafuu ya watu mpaka nguvu zikamwishia, akalipwa kwa pishi, na alipokuwa hawezi tena kupanda akawa anachambua makonyo na kulinda majamvi yaliyoanikwa karafuu. Kila Dominika alikaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Watu wote walimwita kwa jina la wilaya aliyotoka huko bara. Nami nilipofika parokiani niliwakuta wakimwita hivyo, nikamwita hivyo hivyo. Nilimpa Komunyo kwa miaka minne. Nilimpaka Mafuta ya Wagonjwa. Sikumwuliza jina lake hata mara moja.

Alifariki wakati wa mvua za masika. Majirani zetu Waislamu walikuja kuchimba kaburi pamoja na vijana wetu, kama ilivyo desturi njema ya kisiwa hiki, ambapo msiba haugawanyiki kwa dini. Baada ya mazishi nikarudi ofisini na kufungua daftari la marehemu. Pale penye jina nikaandika jina la ile wilaya, jina ambalo watu walimzoelea. Pale penye jina la baba na mama nikachora mstari. Penye mahali na tarehe ya ubatizo, nikachora mstari wa pili. Nikafunga daftari, nikaenda kula chakula cha mchana. Miaka minane nilisoma falsafa na teolojia seminarini, na nimehubiri mara nyingi juu ya hadhi ya mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Siku ile, mtu mzima aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu nilimmaliza kwa mistari miwili ya wino.

Tuliondoka hotelini jioni. Kesho yake tulikuwa Namugongo, katikati ya umati ambao macho hayawezi kuuona mwisho wake. Watu wengine walikuwa wametembea kwa miguu majuma mawili na zaidi. Mnajua habari za mashahidi hao: waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887, chini ya Kabaka Mwanga, na wengi wao walichomwa moto hapo Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wakatoliki walikuwa 22, na pamoja nao waliuawa ndugu zetu Waanglikana 23. Mtakatifu Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki hao kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, naye akafika Uganda mwenyewe mwaka 1969.

Walikuwa akina nani? Wengi walikuwa watumishi wa kasri, vijana wa kutumwa huku na kule. Kwa hesabu ya dunia ile walistahili kusahauliwa kabla majivu hayajapoa. Lakini Kanisa linawajua kwa majina: Karoli Lwanga, Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba, Yohana Maria Muzeyi, Kizito aliyekuwa mdogo kuliko wote, ambaye Lwanga alimbatiza siku chache kabla ya kifo. Wenzao waliosalia hai walisimulia, na wamisionari wakaandika. Litania ilipoimbwa na jina moja moja kutajwa, umati ule ukijibu, nilitambua kwamba nilikuwa nasikiliza kazi ambayo mimi sikuifanya.

Nilikumbuka pia kwamba Padre Simeon Lourdel na Bradha Amans, waliofika Buganda mwezi Februari 1879 kuwaletea Injili vijana hao, walitokea pwani yetu, Bagamoyo, wakifuata njia za misafara zile zile ambazo akina Bombay walizipita. Imani ya Mashahidi ilisafiri juu ya mabega ya wapagazi. Wapagazi hao tunao katika vitabu kama idadi tu: wangapi walikodiwa, wangapi walitoroka, wangapi walikufa. Nani aliyewaandika kwa majina? Wapo waliofanya kile nilichokifanya mimi: walihesabu vichwa na kuchora mstari.

Ndipo lilinijia fumbo la tajiri na Lazaro katika Injili ya Luka (Lk 16:19–31). Tumelisikia mara nyingi mno hata tumesahau jambo lake la ajabu. Tajiri wa fumbo lile, mwenye mavazi ya zambarau na karamu za kila siku, hana jina. Bila shaka katika mji wake kila mtu alilijua jina lake. Pengine liliandikwa mlangoni. Bwana wetu halitaji. Maskini aliyelala langoni, mwenye vidonda, ambaye hata mbwa walimzoea, ndiye mwenye jina. Anaitwa Lazaro. Kati ya mafumbo ya Yesu, hakuna maskini mwingine wala tajiri mwingine aliyepewa jina namna hiyo. Dunia huandika jina la aliye ndani ya nyumba na kumpita aliye langoni. Mungu anaanza na aliye langoni.

Nasi Wapemba tuna somo la namna hiyo hapa hapa kwetu. Kule Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, kuna magofu ya ngome ya mtawala wa kale. Mapokeo ya wazee yanasema aliitwa Muhammad bin Abdulrahman. Lakini ni nani kati yetu anayemwita hivyo? Tunamwita Mkama Ndume, yaani mwenye kuwakamua wanaume, kwa sababu husimuliwa kwamba aliwabebesha watu mawe ya kujengea ngome yake huku wakijikokota kwa makalio. Alijenga kuta ili akumbukwe, na watu aliowatesa wakamchagulia jina la kukumbukwa nalo.

Niliporudi Pemba, kabla hata ya kupumzika, nilikwenda kijijini alikokuwa akiishi yule mzee. Nyumba aliyopanga chumba ilikuwa na mpangaji mwingine. Jirani yake, bibi mmoja Mwislamu aliyekuwa akimpikia uji katika siku zake za mwisho, alinikaribisha ukumbini, akatandika mkeka. Nikamweleza kwamba natafuta mtu yeyote anayejua jina halisi la marehemu. Bibi akanitazama kwa muda, akanitajia majina yake matatu: la kwake, la baba yake na la babu yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisanduku cha bati. Ndani yake palikuwa na rozari, picha moja iliyofifia, na cheti cha ubatizo kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kimetolewa na parokia moja ya bara.

Nikamwuliza: “Bibi, umekaa na cheti hiki muda wote huu?”

Akajibu kwa upole: “Padri, hukuniuliza.”

Nikamwuliza tena alilijuaje jina la mzee, wakati kijiji kizima kilimwita kwa jina la wilaya. Akasema: “Mie nilimuuliza siku ya mwanzo alipohamia hapa. Mtu akija kuwa jirani yako, utamwitaje bila ya kumjua?”

Wapendwa, nimesikiliza mahubiri mengi maishani mwangu, na mengine nimeyatoa mwenyewe, lakini sijapata kuhubiriwa namna ile. Mchungaji mwema, asema Bwana katika Injili ya Yohane, huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake (Yn 10:3). Mimi niliyepewa daraja la kuwa mchungaji sikulijua jina la kondoo wangu. Jirani yake, asiyeshiriki altare yetu, alilijua, kwa kuwa alimwuliza.

Niliiandikia parokia ile ya bara. Paroko mwenzangu alinijibu baada ya majuma machache. Alikuwa amelipata jina la mzee katika daftari lao la ubatizo, pamoja na jina la baba yake, la mama yake, la msimamizi wake na la padre aliyembatiza. Alipata pia ndugu mmoja wa ukoo ule, mtoto wa dada yake, ambaye familia yao ilikuwa imekwisha kukata tamaa juu ya mjomba aliyekwenda visiwani. Nilizungumza naye kwa simu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama alizikwa kwa sala. Nikamwambia ndiyo. Swali la pili lilikuwa kama jina lake liliandikwa. Hapo nilinyamaza, kisha nikamweleza ukweli, kama ninavyowaeleza ninyi. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili.

Nimelisahihisha daftari. Sikufuta nilichoandika mwanzo, kwa maana kosa lenyewe nalo ni sehemu ya historia ya parokia hii. Pembeni nimeandika jina lake kamili na la wazazi wake, na pale nilipochora mistari sasa pana maelezo, tarehe na sahihi yangu. Vijana wetu wameweka msalaba mpya kaburini na kulipaka rangi jina lake vizuri. Tulipoadhimisha Misa ya Marehemu Wote tarehe 2 Novemba, nililitaja kwa sauti, na yule mama wa safari ya Kampala akaitikia kabla ya wote.

Mtaniuliza: je, tubadilishe jina la hoteli? Hilo nawaachia wenyewe Waganda, wenye mji wao na hekima yao. Jina likikaa ukutani si dhambi, mradi tusidhani kwamba ukuta umesimulia habari yote. Ninachowaomba ninyi ni jambo dogo zaidi, na kwa kuwa ni dogo ndilo tunaloliacha bila kulifanya. Yupo mtu anayekuletea maji kwa mkokoteni. Yupo dada anayekufulia, kijana anayekulindia nyumba usiku, mchumaji atakayekuja msimu ujao wa karafuu kutoka mbali. Mwulize jina lake, na jina la mama yake. Katika Jumuiya zenu, katibu aandike kila mwanajumuiya kwa jina kamili, na mahali alipobatizwa, mtu angali hai na anaweza kujibu. Tusingoje mpaka tuulizane makaburini.

Nami nimejiwekea kanuni: simpi mtu Mafuta ya Wagonjwa katika parokia hii pasipo kwanza kumwuliza jina lake, nikalirudia mbele yake ili ajue kwamba nimelisikia.

Jina la mzee wetu sitaliandika hapa. Ndugu zake wanalo, daftari la ubatizo linalo, daftari la marehemu sasa linalo, na Bwana wetu aliwaambia wanafunzi wake wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni (Lk 10:20). Na yule mtoto wa Kiyao aliyechukuliwa kutoka kwa mama yake akaitwa kwa jina la mji wa mbali, jina lake la kwanza halikupotea kwa Mungu. Tumwombee naye, pamoja na John Speke, pamoja na wapagazi wote waliobeba mizigo ya wengine katika njia za nchi yetu.

Raha ya milele uwape, ee Bwana. Nanyi nyote Mungu awabariki na kuwalinda.

Ndimi paroko wenu katika Kristo.